ENZIMI ZA JICHO: KILA MOJA INAKAA WAPI?



Katika somo la biolojia munajifunza kwamba enzimi ni protini inayoharakisha kazi ya kemia ndani ya mwili, nayo yenyewe haimaliziki. Munaandika hayo katika daftari, munayashika kwa kichwa, na siku ya mtihani munayarudisha vilevile. Ni vizuri. Lakini mwanafunzi mumoja wa darasa la tano aliuliza ulizo ambalo halimo katika kitabu chetu: kama enzimi haionekani kwa mikroskopi, wenye elimu walijua namna gani kwamba iko mu jicho, tena mu upande huu wa jicho, si mu upande ule?

Ulizo hili linastahili jibu refu kidogo, kwani leo kuko watu wengi wanaoendelea kuona juu ya kazi ya wale waliotafuta jibu lake.

Tuanze na jicho lenyewe. Jicho la mutu mukubwa lina upana wa milimita 24 hivi. Mbele kuko kornea, inayopitisha mwangaza sawa kioo. Nyuma yake kuko irisi, ile yenye rangi, na katikati ya irisi tundu la mboni. Nyuma ya irisi kuko lenzi. Kwa ukuta wa ndani, upande wa nyuma, kuko retina, ambayo unene wake haufiki nusu ya milimita, na ndani ya unene huo mudogo kuko tabaka nyingi. Halafu, pale irisi inaposhikamana na ukuta wa jicho, kuko kiungo ambacho watu wengi hawajasikia jina lake: mwili wa siliari. Hapa tutauita siliari tu. Siliari iko na mikunjo midogo karibu 70, imepangwa kwa duara sawa meno ya gurudumu, na kila mukunjo umefunikwa na safu mbili za selile, moja nyeusi na moja isiyo na rangi. Mushike vizuri hizo safu mbili.

Mutu aliyetaka kujua kama kiungo fulani kiko na enzimi fulani alifanya sawa mama anayetwanga sombe. Alikata kiungo, akakitia mu kinu, akakitwanga pamoja na maji, kisha akapima kama maji yale yanafanya kazi ya ile enzimi. Njia hii ni nzuri kwa kujua kiasi, na inatumika hata leo. Lakini sombe ikiisha kutwangwa, nani ataonyesha kwamba jani hili lilitoka mu tawi gani? Ukitwanga jicho zima utajua paka kwamba enzimi iko "mu jicho", basi.

Tena kuko hatari ingine, nayo ni damu. Tuchukue enzimi inayoitwa anidrazi ya karboni. Kazi yake ni kuunganisha gazi ya karboniki, ile tunayotoa kwa pumzi, pamoja na maji, kusudi bikarbonati na asidi vitokee. Bila enzimi, kazi hiyo inakwenda polepole. Molekuli moja ya enzimi hii yaweza kuifanya karibu mara milioni moja kwa sekonde moja; kuko enzimi chache zenye mwendo wa namna hiyo. Meldrum na Roughton, waliokuwa Cambridge kule Uingereza, waliivumbua mu miaka ya 1932 na 1933, na waliikuta ndani ya chembe nyekundu za damu, ambamo iko nyingi sana. Sasa mufikiri. Siliari imejaa mishipa ya damu. Ukiitwanga na kukuta anidrazi ndani ya kinu, utajua namna gani kama ni ya siliari, ama ni ya damu iliyobaki ndani ya mishipa?

Mu mwaka wa 1951 Wistrand, mutu wa Sweden, alitangaza kwamba enzimi hii iko katika sehemu ya mbele ya jicho la sungura, ni kusema kule kwenye irisi na siliari. Hilo lilikuwa jambo kubwa, lakini bado ni jibu la kupasua na kutwanga. Safu gani? Selile gani?

Kwa kujibu hayo kuko njia ingine, ambayo miye naona ni moja ya mawazo mazuri kabisa katika biolojia. Usiku, ukisimama juu ya kilima na kutazama kijiji, huoni mama anayepika ndani ya nyumba. Lakini unaona moshi, na moshi unatoka juu ya nyumba yake, si ya jirani. Vilevile na enzimi: yenyewe haionekani, lakini kazi yake yaweza kuacha alama. Inatosha kuifanya ile alama iwe nyeusi, na ianguke palepale ilipofanyika.

Gomori, muzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Chicago kule Marekani, alionyesha njia hiyo mu mwaka wa 1939. Takamatsu, wa Japani, aliivumbua mwaka uleule bila kupatana naye. Walitafuta enzimi fosfatazi, inayong'oa fosfati kwenye molekuli zingine. Munganga wa laboratware anakata kiungo vipande vyembamba sana, vya mikroni 10 hivi, ni kusema vipande mia moja vikipangwa pamoja vinafanya milimita moja tu. Kipande anakitia mu maji yenye chakula cha ile enzimi, pamoja na chumvi ya kalisiumu. Mahali enzimi iko, inang'oa fosfati. Fosfati inakutana na kalisiumu na kuanguka palepale sawa unga. Unga huo ni mweupe, hauonekani. Kwa hiyo anaosha kipande, anakitia mu chumvi ya kobalti, na kobalti inashika nafasi ya kalisiumu. Mwisho anatia sulfidi ya amoniaki, yenye harufu ya mayai yaliyooza, na kobalti inageuka nyeusi tititi. Sasa mikroskopi inaweza kuonyesha: safu hii nyeusi, safu ile nyeupe.

Kipande chenyewe kinahitaji kutunzwa. Katika masomo munasikia kwamba viungo vinawekwa ndani ya formoli kusudi visioze. Lakini formoli ikizidi inaharibu enzimi nyingi, na moto wa parafini vilevile. Njo maana watu wa kazi hii wanapenda kugandisha kiungo kwa baridi kali na kukikata kingali kimeganda. Ni kazi ya haraka, na inataka mukono usiotetemeka.

Kwa anidrazi ya karboni ile njia ya fosfati haiwezi kusaidia, sababu kazi yake ni ingine. Mu mwaka wa 1967 Hansson alitoa njia yake, akitumia kobalti pia. Kipande kinaelea juu ya maji yenye bikarbonati na kobalti, upande mumoja ukigusa hewa. Mahali anidrazi iko, bikarbonati inageuka upesi kuwa gazi, gazi inatorokea hewani, na maji ya pale yanapungukiwa asidi. Maji yakipungukiwa asidi, kobalti haiwezi tena kukaa ndani yake, inaanguka. Kisha sulfidi inaifanya nyeusi. Kwa njia ya namna hiyo Lütjen-Drecoll na Lönnerholm walichunguza jicho la mutu na la nyani, na mu mwaka wa 1983 walionyesha mahali enzimi inakaa: katika zile safu mbili za siliari, katika safu moja ya selile iliyo nyuma ya kornea, katika lenzi, na mu retina ndani ya selile ndefu zinazoitwa za Müller na ndani ya selile zingine zinazopokea rangi. Kwa hiyo enzimi ni ya siliari yenyewe, haikuwa damu tu.

Hapa mutu atasema: vizuri, lakini faida ni gani?

Faida inatokana na maji. Ndani ya jicho, kati ya kornea na lenzi, kuko maji safi. Si machozi, machozi yanakaa inje. Maji haya ya ndani yanatengenezwa na siliari, kiasi cha mikrolita 2 na nusu kwa dakika moja, ni kusema chini ya kijiko kidogo cha chai kwa siku nzima. Yanapita katika mboni, yanalisha lenzi na kornea ambazo hazina mishipa ya damu, na yanatoka kwa mufereji mudogo wa pembeni ya irisi. Yakiingia na kutoka sawasawa, presha ya jicho inakaa kati ya 10 na 21 hivi, kwa kipimo cha milimita za zebaki. Mufereji ukikataa kupitisha vizuri, maji yanaendelea kuingia, presha inapanda, na mushipa wa nyuma unaopeleka habari kwa ubongo unaanza kufa polepole. Ugonjwa huo ni glaukoma.

Ni ugonjwa wa hila. Mara nyingi hauumi hata kidogo. Unakula kwanza pembe za macho, na mutu haoni kwamba haoni. Anafikiri ni uzee, ama anagonga mulango na kucheka. Siku anapofika kwa munganga, sehemu kubwa imekwisha kufa, na iliyokufa hairudi, hakuna dawa wala upasuaji wa kuirudisha. Watu wenye asili ya Afrika wanapatwa nao zaidi kuliko Wazungu, na mara nyingi wakiwa na umri mudogo zaidi. Kama baba ama mama alipofuka kwa glaukoma, watoto wake wapimwe presha ya macho hata kama wanaona vizuri. Neno hilo mulipeleke nyumbani wakati wa likizo.

Kama mufereji umeziba, kuko njia mbili: kuufungua, ama kupunguza bomba. Bomba ni siliari. Selile zake zinasukuma sodiumu na bikarbonati kuelekea ndani ya jicho, na maji yanafuata. Sodiumu inasukumwa na enzimi ingine, ile pampu ambayo Skou wa Denmark aliivumbua mu mwaka wa 1957 katika mishipa ya kaa, na iliyomupatia zawadi ya Nobel mu 1997. Bikarbonati inatengenezwa na anidrazi yetu. Ukiifunga anidrazi, maji yanapungua.

Hapa historia haikufuata mupango wa kitabu. Kulikuwa dawa, asetazolamidi, jina lake la duka Diamox, iliyofunga anidrazi ya figo na hivi kuongeza mukojo. Becker, munganga wa macho wa St. Louis kule Marekani, alijua kwamba enzimi ileile iko mbele ya jicho. Akawapa wagonjwa wa glaukoma dawa ile ya mukojo, na mu mwaka wa 1954 alitangaza kwamba presha ya macho yao imeshuka. Mumeona? Ile rangi nyeusi ya Hansson haikuwa imezaliwa. Ilitosha kujua kwamba enzimi iko upande wa siliari, na mutu wa kwanza akajaribu. Safu zenyewe zilikuja kuonekana nyuma.

Lakini kujua mahali kulisaidia kuelewa taabu ya ile dawa. Mutu anayemeza Diamox anasikia vidole vinamuwasha sawa sisimizi wanatembea, anakojoa mara nyingi, chakula hakina utamu, limonadi inamubadilikia mudomoni. Sababu ni nini? Enzimi iko katika figo, iko katika damu, iko mahali pengi. Kidonge kinapita mwili wote kusudi kifike paka kwenye mikunjo 70 ya siliari. Tena Maren, aliyechunguza jambo hili muda mrefu kule Florida, alionyesha kwamba ni lazima kufunga zaidi ya 99 kwa mia ya enzimi mbele ya maji kuanza kupungua. Ile moja inayobaki inatosha kufanya kazi karibu yote. Kwa hiyo dawa kidogo haisaidii. Njo maana walitafuta dawa ya matone, inayowekwa juu ya jicho tu. Haikuwa rahisi: dawa ipite kornea, ambayo inje inakubali mafuta na katikati inakubali maji, halafu ifike siliari ikiwa bado na nguvu. Dorzolamidi ndiyo ilishinda, ikaanza kuuzwa mu mwaka wa 1995. Vidonge vya asetazolamidi vingali vinatumika, zaidi wakati presha imepanda kwa ghafla.

Turudi kidogo kwa ule moshi, sababu sitaki mufikiri kwamba alama nyeusi haidanganyi. Upepo ukivuma, moshi unalala juu ya nyumba ya jirani. Mu miaka ya 1940 watu waliotumia njia ya Gomori waliona nuklei za selile zimekuwa nyeusi, na wengine wakaandika kwamba fosfatazi inakaa ndani ya nuklei. Wengine wakaweka kipande kilichouawa kwa moto kando ya kipande kizima: nuklei za kipande kilichokufa zikawa nyeusi pia! Enzimi haikuwa mule. Ni vitu vilivyosafiri ndani ya maji na kushikwa na nuklei. Tangu hapo hakuna mutu wa kazi hii anayeaminiwa kama hana vipande vya kulinganisha: kimoja kisichopewa chakula cha enzimi, kimoja kilichochemshwa, na kimoja kilichopewa dawa inayofunga enzimi. Kwa anidrazi, ile dawa ni asetazolamidi yenyewe. Ukiitia ndani ya maji ya Hansson na weusi ukapotea, sasa waweza kusema umeona anidrazi. Weusi ukibaki, umeona kitu kingine.

Kuko pia njia isiyotazama kazi hata kidogo. Mu mwaka wa 1941 Coons na wenzake, wa Harvard, walifunga rangi inayowaka kwenye antikorpsi, zile askari za damu ambazo kila moja inatambua kitu kimoja tu. Leo ni njia ya kila siku: antikorpsi inashika enzimi, na mikroskopi inaonyesha mwangaza. Inashika hata enzimi iliyolala, isiyofanya kazi. Njia ya moshi inaonyesha nani anapika. Antikorpsi inaonyesha nani anakaa mu nyumba. Si ulizo moja.

Mufano mwingine unatoka Afrika. Huko Calabar, upande wa Nijeria, watu wa Efik walikuwa na haragi ya sumu waliyowapa wale walioshitakiwa uchawi. Wazungu wa Edinburgh waliichunguza mu miaka ya 1860 wakaona kwamba inafanya mboni iwe ndogo, na karibu na mwaka wa 1876 Laqueur, munganga aliyekuwa na glaukoma yeye mwenyewe, aliitumia kwa ugonjwa huo. Kazi yake ilieleweka baadaye: inafunga kolinesterazi, enzimi inayozimisha amri ya mishipa kwa nyama za mwili. Mu mwaka wa 1949 Koelle na Friedenwald walitoa njia ya kuionyesha mahali pake ndani ya kipande, na Friedenwald alikuwa munganga wa macho. Mu jicho, enzimi hii ni ya nyama inayofunga mboni na ile ya siliari. Nyama ya siliari ikivutika, inafungua mufereji wa maji. Dawa nyingi za kuua wadudu wa mashamba zinafunga enzimi ileile. Ukimukuta mutu aliyepuliza dawa shambani, jasho linamutoka, mate yanamujaa, na mboni zake zimekuwa ndogo sawa ncha ya sindano, usingoje. Apelekwe hospitali palepale.

Kwa lenzi nitasema machache. Mu mwaka wa 1959 van Heyningen, wa Oxford, alikuta ndani ya lenzi ya panya wenye ugonjwa wa sukari kitu kinachoitwa sorbitoli. Enzimi ya lenzi inageuza sukari kuwa sorbitoli, sorbitoli haitoki, inavuta maji, na lenzi inakuwa nyeupe. Dawa za kufunga enzimi hiyo zilisaidia panya vizuri. Kwa watu hazikutoa matunda yaleyale. Hata ile panya mudogo wa nyumbani, lenzi yake iko na enzimi hiyo kidogo sana, na haipati ule ugonjwa upesi sawa panya mukubwa. Kwa hiyo ulizo la "wapi" linataka pia kujua ni jicho la nani.

Kobalti na mikroskopi nzuri ni vigumu kupata, lakini wa biolojia-kemia waweza kujaribu jambo dogo. Ombeni kwa wachinjaji jicho la ngombe la asubuhi ileile. Enzimi ya kutafuta ni katalazi, inayovunja ile dawa ya vidonda, eau oxygénée, na kutoa povu la oksijeni. Pasueni jicho kwa wembe, pamoja na mwalimu, mutenge kipande cha kornea, lenzi, na siliari yenye rangi nyeusi. Tieni kila kimoja mu kikombe chake pamoja na dawa kidogo, mutazame povu. Dawa isiruke kwa macho yenu ninyi, na mukono uoshwe mbele ya kula. Lakini damu iko na katalazi nyingi mno, na siliari iko na damu. Kwa hiyo kwanza muoshe vipande mara nyingi katika maji yenye chumvi kidogo, mpaka maji yabaki meupe, na kipande kingine cha siliari mukichemshe dakika kumi. Halafu tone moja la damu peke yake litiwe mu kikombe cha mwisho, na povu lake liandikwe katika daftari mbele ya povu la siliari.